Kwanza Ondoa Kiti

Katika makumbusho ya Ordrupgaard, nje kidogo ya jiji la Copenhagen nchini Denmaki, kuna picha ya rangi za mafuta yenye kimo cha sentimita 70 na upana wa 59. Ndani yake hamna mtu, hamna meza, hamna hata kiti. Kuna ukuta wa kijivu, mlango uliofungwa, dirisha la vioo vidogo vidogo, na jua. Jua limeingia kwa mshazari, likapita hewani katika michirizi ya weupe hafifu, likafika sakafuni na kulala pale katika umbo la dirisha lile lile, ila limepinda na kujinyoosha. Vilhelm Hammershøi aliichora mwaka 1900. Jina la picha lina shughuli nyingi kuliko picha yenyewe: Ngoma ya Chembe za Vumbi Katika Miale ya Jua.

Msikilizaji ambaye hajapata kuiona asihofu kwamba amepitwa na kisa. Kisa hakipo. Lakini akija kuiona, autazame mlango kwa makini: hauna kitasa. Katika nyumba wanamoishi watu, mlango wa namna hiyo ni kero ya kila siku, na hakuna mpangaji angeuvumilia wiki nzima. Hammershøi hakutaka kitasa kiwepo, basi hakukichora.

Wanaomwandikia makala huwa na maneno yao tayari. Husema ukimya, husema upweke, husema huzuni ya nchi za baridi, na baada ya hapo hawasemi tena mchoraji alifanya nini alipoamka asubuhi. Mazungumzo haya yanapita njia nyingine. Yanataka kujua kazi ilivyokwenda, maana kivuli cha dirisha ni kielelezo kigumu kuliko binadamu. Binadamu anaweza kuambiwa atulie, akalipwa, akarudi kesho kukaa palepale. Kivuli cha dirisha hakitulii hata dakika moja, na kesho kikirudi hakirudi mahali pake pa jana.

Hammershøi alizaliwa Copenhagen tarehe 15 Mei 1864 katika familia ya kibiashara iliyojiweza. Mama yake, Frederikke, alimpeleka kwa mwalimu wa kuchora akiwa na umri wa miaka minane, akaendelea kukusanya habari za magazeti zilizomhusu mwanawe kwa miaka mingi. Baadaye kijana alipita mikononi mwa Peder Severin Krøyer, mchoraji aliyesifika wakati ule kwa picha zenye mwanga mwingi wa ufukweni. Krøyer alikiri kwamba hamwelewi mwanafunzi huyu wa ajabu, lakini aliona atakuwa mtu mkubwa, kwa hiyo akajizuia asimharibu kwa mafundisho. Ni busara ambayo walimu wachache wanayo. Maonyesho rasmi ya Charlottenborg hayakuwa na subira kama hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 yalimfungia mlango, na wachoraji wenzake waliochoshwa na mambo hayo walipoanzisha maonyesho yao huru mwaka 1891, naye alikuwamo.

Mwaka huohuo alimwoa Ida Ilsted. Kaka yake Ida, Peter Ilsted, alikuwa mchoraji pia, naye alipenda kuchora vyumba vinavyoingiwa na jua. Mwenzao mwingine, Carl Holsøe, vilevile. Kwa hiyo vyumba vyenye jua havikuwa uvumbuzi wa mtu mmoja pale Copenhagen. Vilikuwa karibu mtindo wa kundi la marafiki. Tofauti ni kwamba katika picha za Ilsted na Holsøe watu wapo nyumbani kwao: mtoto anasoma, mama anashona, ukutani pamening'inizwa picha, juu ya meza kuna bakuli. Hammershøi alikuwa akiondoa vitu.

Mwaka 1898 yeye na Ida walihamia Strandgade namba 30, katika mtaa wa Christianshavn, penye mifereji na maghala ya zamani. Jengo lilikuwa la mwaka 1636. Dari lilikuwa na mihimili, kuta zilikuwa na mbao za urembo, na madirisha yalikuwa marefu, yamegawanywa na vijiti vya mbao kuwa vioo vingi vya mstatili. Walipanga pale hadi mwaka 1909, na katika miaka hiyo mchoraji alichora zaidi ya picha 60 za ndani ya nyumba hiyo. Mtu akizipanga pamoja hupata karibu ramani nzima: mlango huu unafungukia chumba kile, dirisha lile linatazama ua, kona hii ndipo linapowekwa jiko la kupasha moto.

Hapa ndipo kazi ilipoanzia, na ilianza kabla ya brashi. Kuta na mbao zilipakwa rangi za kijivu na nyeupe. Samani zilikuwa chache, na hizo chache zilihamishwahamishwa; meza iliyoonekana katika picha moja karibu na ukuta hutokea katika nyingine mbele ya dirisha, na katika ya tatu haipo kabisa. Nyumba ilikuwa makazi, lakini ilikuwa pia kifaa cha kazi, kilichorekebishwa na fundi wake mpaka kikatoa alichokitaka. Ukuta wa kijivu kisichoegemea rangi yoyote huonyesha mabadiliko madogo sana ya mwanga. Ukuta wenye karatasi za maua, ambazo nyumba nyingi za Ulaya za wakati ule zilizipenda, ungeyameza mabadiliko hayo yote.

Katika mahojiano na jarida moja la Denmaki mwaka 1907, Hammershøi alieleza kwamba kinachomvuta kwanza katika mahali ni mistari, yaani namna mahali palivyojengeka. Kisha mwanga, ambao bila shaka una uzito mkubwa. Alieleza pia kwamba kwa macho yake picha hupendeza zaidi rangi zikipungua. Hakutaja upweke. Hilo lina uzito wake. Mtu aliyeulizwa waziwazi kuhusu picha zake alijibu kama seremala: mistari kwanza, mwanga baadaye, rangi kidogo.

Sasa turudi kwenye doa la jua sakafuni. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na mwale unaoingia dirishani hugeuka pamoja na mzunguko huo. Katika umbali wa mita 2 kutoka dirishani, doa husogea karibu nusu mita kwa saa, yaani karibu sentimita moja kwa kila dakika. Likiangukia sakafuni kwa mlalo, huenda kasi zaidi. Mchoraji akiinama kuchanganya rangi ya ukingo wa kivuli, akajaribu mara mbili tatu, akasafisha brashi, akainuka, ukingo umekwisha kuhama kwa upana wa kiganja.

Dawa ya jambo hili wachoraji wote huijua, ingawa si rahisi kuitumia. Kwanza mistari inakamatwa haraka kwa mkaa au penseli, ndani ya dakika chache, na baada ya hapo haiguswi tena hata jua liende wapi. Kisha mtu anarudi siku ya pili saa ileile, lakini sasa anachotafuta ni rangi na uzito wa mwanga tu. Umbo limekwisha kuamuliwa. Lakini hata siku ya pili hailingani na ya kwanza. Karibu na Machi na Septemba, urefu wa jua la mchana angani hubadilika kwa takriban sehemu nne za kumi za digrii kila siku. Kwa wiki mbili hiyo ni zaidi ya nyuzi tano, na doa limehama vya kutosha mtu kuligundua bila kipimo. Tena hapo tunasahau mawingu, na Copenhagen haikosi mawingu.

Hammershøi alikuwa mtu wa polepole. Kazi zake zote zinazojulikana ni takriban picha 370 katika maisha ya miaka 51, na nyingi ni ndogo. Kwa mwendo huo hakuna picha yake ya jua inayoweza kuwa nakala ya dakika moja. Kile kinachoonekana kama saa fulani ya asubuhi fulani ni mkusanyiko: mstari wa siku moja, rangi ya siku nyingine, ukuta wa siku ya mawingu, na uamuzi wa mchoraji kuhusu kipi kibaki. Wale wanaosifu namna alivyousimamisha wakati wana haki ya kusema hivyo, lakini wakumbuke kwamba aliushona kutoka vipande vingi.

Jambo linalofuata ni kingo, na hapa mchoraji wa kivuli cha dirisha hutambulika kama anajua kazi au anabahatisha. Anayebahatisha huchora kingo zote kali, kana kwamba kivuli kimekatwa kwa mkasi. Jua si nukta. Tukilitazama kutoka duniani lina upana wa karibu nusu digrii. Kwa sababu hiyo ukingo wa kila kivuli hufifia, na ufifiaji huo hupanuka kwa karibu sentimita moja kwa kila mita ya umbali kati ya kitu na kivuli chake. Kijiti cha fremu chenye upana wa sentimita 3 huweza kuwa na kiini cheusi hadi umbali wa mita 3 na kidogo. Baada ya hapo kiini kinatoweka. Kinabaki kivuli chepesi tu, utusitusi usio na mpaka. Kwa hiyo katika doa moja la jua, upande ulio karibu na dirisha una mistari mikali na upande wa mbali una mistari laini. Hammershøi alilizingatia hilo. Vijiti vyake hulegea kadiri vinavyokwenda mbali, na ndiyo maana sakafu yake inalala chini badala ya kusimama kama ukuta.

Wasikilizaji waliokulia chini ya paa la mabati wana ushahidi wao wenyewe wa jambo hili. Tundu la msumari likiachwa wazi, jua huangusha sakafuni duara safi. Tundu lenyewe linaweza kuwa na pembe, limechanika, limepinda. Sakafuni huja duara tu. Duara hilo ni picha ya jua lenyewe, na kutoka paa lenye kimo cha mita mbili na nusu, jua likiwa utosini, huwa na upana wa sentimita 2 na kitu. Siku ya kupatwa kwa jua, maduara hayo yote hugeuka kuwa hilali. Dirisha ni tundu lilelile, ila limekuwa kubwa mno kiasi kwamba linaonyesha umbo lake lenyewe, na jua limebakiwa na kazi ya kulainisha kingo.

Ugumu mkubwa kuliko wote, hata hivyo, uko kwenye weupe. Jua kali likigonga sakafu huipa mwanga mara mamia kuliko ule unaofika kona ya chumba. Rangi za mafuta hazina nguvu hiyo. Rangi nyeupe kabisa hurudisha takriban asilimia 80 au 90 ya mwanga unaoipiga, na nyeusi hurudisha asilimia 3 au 4. Kwa hiyo kati ya weupe na weusi wa turubai kuna tofauti ya mara 20 au 30 hivi, basi. Mchoraji anaombwa alipe deni la mamia kwa mfuko wa thelathini. Hawezi kuling'arisha jua zaidi ya rangi yake nyeupe, kwa hiyo analazimika kushusha vitu vingine vyote mpaka doa lionekane linawaka.

Hapa ndipo kijivu cha kuta za Strandgade kilipolipa gharama zake. Chumba kizima kimeshushwa katika kijivu cha kati. Hakuna cheupe kinachoshindana. Doa la sakafuni, mtu akilitazama peke yake kwa kuziba pembeni kwa mikono miwili, si jeupe hata kidogo: ni kijivu chenye manjano kidogo, cha wastani kabisa. Mikono ikiondolewa, linawaka tena. Mabadiliko hayo hayamo katika rangi ya doa. Yamo katika utii wa kila kitu kilicholizunguka. Kiti chenye mto mwekundu kingeliharibu. Kitasa cha shaba kinachometameta katikati ya mlango nacho kingeliharibu, na inawezekana kabisa kwamba hiyo ndiyo siri yote ya mlango usiofunguka.

Kuhusu rangi ya kivuli, yapo mabishano ya zamani. Mwandishi Goethe aliandika kurasa nyingi juu ya vivuli vyenye rangi katika kitabu chake cha nadharia ya rangi cha mwaka 1810, na wachoraji wa Ufaransa wa kizazi cha Monet walivijaza bluu na zambarau. Hawakukosea: kivuli kinachopokea mwanga wa anga tupu hupata ubluu. Hammershøi alikuwa amefika Paris na kuona kazi za wakati wake, lakini vivuli vyake vikabaki karibu bila rangi. Mtu anaweza kusema alikuwa mkaidi. Inaelekea zaidi kwamba alikuwa anachora ndani ya nyumba ya kijivu, ambamo mwanga ulikwisha kugonga kuta mbili tatu kabla ya kufika kivulini, na kila ukuta ukaupokonya rangi.

Kuna lile vumbi lililotajwa kwenye jina. Mwale wa jua hauonekani hewani kwa nguvu zake wenyewe. Kinachoonekana ni chembe zinazoupokea na kuutawanya. John Tyndall, mwanafizikia wa Taasisi ya Kifalme mjini London, alionyesha jambo hili karibu na mwaka 1870: aliposafisha hewa ikabaki bila vumbi, mwale mkali uliopita ndani yake ukawa giza tupu kwa anayeutazama kutoka ubavuni. Kwa hiyo mchoraji anayechora miale hewani anachora vumbi, apende asipende. Hammershøi alipenda. Lakini hakudondosha vinukta vyeupe, kama ambavyo mchoraji wa kadi za sikukuu angefanya. Katika picha ile ni vigumu kunyooshea kidole chembe moja na kusema ni hii. Kuna utando mwembamba wa rangi, uliopakwa kwa miguso midogo isiyolingana, na jicho la mtazamaji ndilo linalouchezesha.

Hakutosheka na kona moja mara moja. Mwaka 1901 alichora tena sakafu ya Strandgade yenye jua. Picha hiyo iko katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya Denmaki. Mwaka 1906 akachora nyingine ya jua sakafuni, ambayo sasa ni mali ya Tate nchini Uingereza. Kati ya mwaka 1900 na 1906 alishughulika na picha ya mbalamwezi ndani ya nyumba hiyohiyo, ambayo leo iko katika Metropolitan Museum mjini New York. Mbalamwezi! Jua la mchana lina angalau saa kadhaa. Mwezi mpevu huja mara moja kwa mwezi, mawingu yakiruhusu, na mchoraji anayeufuata kwenye chumba chenye giza haoni hata rangi zilizo mkononi mwake. Picha ya namna hiyo haiwezi kumalizwa bila kumbukumbu, na tarehe zake zinazoenea miaka sita zinafahamika.

Ida alikuwapo muda wote huo, na yeye ndiye mtu pekee anayerudi mara kwa mara katika picha hizo, mara nyingi amevaa nguo nyeusi na kutupa mgongo, shingo wazi. Wengi wamejaribu kusoma ndoa nzima katika shingo ile. Huenda wana jambo la kweli. Lakini kwa kazi ya mwanga, nguo nyeusi dhidi ya ukuta wa kijivu ni kipimo: inamwambia mtazamaji weusi wa mwisho uko wapi, ili aweze kukadiria mengine yote. Na kuna swali la kinyumbani ambalo vitabu vya sanaa huliruka. Nani aliishi katika vyumba vile visivyo na mapazia mazito, visivyo na zulia, na samani zikihama kila msimu? Mume alikuwa na karakana yake. Mke alikuwa anaishi ndani ya karakana ya mumewe.

Mshairi Rainer Maria Rilke alifika Copenhagen mwaka 1904, akamtembelea Hammershøi akikusudia kuandika makala juu yake. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza vizuri. Makala haikuandikwa kamwe.

Wala chumba chenye jua si kitu cha Denmaki peke yake. Zaidi ya nusu karne kabla, mwaka 1845, Adolph Menzel alichora mjini Berlin chumba cha nyumba aliyokuwa akiishi na familia yake: mlango wa roshani uko wazi, pazia jepesi limefurishwa na upepo, jua liko sakafuni, na ukutani kuna doa kubwa la weupe ambalo mpaka leo wataalamu hubishana kama ni mwanga au ni kazi isiyomalizika. Menzel alikuwa maarufu kwa picha za wafalme na vita, na hiki chumba alikiweka ndani miaka mingi kama mtu anayeficha barua. Makumbusho ya taifa ya sanaa ya Berlin yaliipata picha hiyo mwaka 1903, Menzel akiwa mzee wa miaka 87. Na Marekani, mwaka 1963, Edward Hopper alichora chumba kitupu chenye dirisha moja na madoa mawili ya jua, akiwa na miaka 80 na ushei. Awali alifikiria kuweka mtu ndani. Akamtoa. Wachoraji hawa watatu hawakusomea darasa moja, lakini wote walifika kwenye hatua ileile ya kubeba kitu na kukitoa nje.

Mwaka 1909 Hammershøi na Ida walilazimika kuondoka Strandgade 30. Walikaa mtaa wa Bredgade kwa muda, kisha mwaka 1913 wakarudi Strandgade, safari hii namba 25, karibu ng'ambo ya nyumba yao ya zamani. Hakuchora tena kwa wingi. Saratani ya koo ilimwua tarehe 13 Februari 1916. Daktari wa meno Alfred Bramsen, aliyekuwa amenunua kazi zake kwa miaka mingi, ndiye aliyeandaa orodha ya picha zake. Bila yeye tungekuwa tunabahatisha hata idadi. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo wapenzi wa sanaa mpya walimwona kama mzee wa jana. Mwaka 2023 picha yake ya chumba cha muziki cha Strandgade 30 iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 9.

Mchoraji wa Dar es Salaam au Mombasa anayetaka kujaribu jambo hili sebuleni kwake ana jua jingine kabisa, na inafaa alijue kabla hajanunua turubai. Copenhagen iko karibu nyuzi 56 kaskazini ya ikweta. Adhuhuri ya Desemba jua la huko lina urefu wa nyuzi 11 tu angani, na dirisha ambalo juu yake ni mita 2 kutoka sakafuni linaweza kuingiza mwanga hadi mita 10 ndani, kama nyumba ya jirani haijauziba. Dar es Salaam adhuhuri ya Juni, dirisha kama hilo linalotazama kaskazini huingiza jua zaidi kidogo ya mita moja. Mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba jua linapita utosini, haliingii kabisa. Na nyumba nyingi za pwani zina upenu au baraza, kwa hiyo hata hiyo mita moja huishia nje. Mchana hapa hakuna cha kuchora sakafuni.

Yanabaki asubuhi na jioni, na hapo tofauti ya pili inajitokeza. Kule kaskazini, jua la karibu na adhuhuri hutembea kwa ubavu. Doa linateleza kando ya ukuta lakini kina chake chumbani hakibadiliki sana kwa muda. Hapa jua hupanda karibu wima. Saa moja hivi baada ya kuchomoza liko nyuzi 15, na mwanga wa dirisha lile la mita 2 unafika mita saba na nusu ndani. Saa moja nyingine ikipita liko nyuzi 30, na mwanga umerudi nyuma hadi mita tatu na nusu. Mita 4 zimepotea wakati chai inapoa. Hammershøi hakuwahi kukimbizwa hivyo.

Lakini mchoraji wa hapa ana kitu ambacho Hammershøi hakuwa nacho. Vijiti vya Strandgade vilikuwa mistatili mitupu. Madirisha ya kwetu yana nondo, na fundi wa kuchomelea ameshachora kabla ya mchoraji: maua, maduara, misumeno, jua lenye miale, wakati mwingine herufi za kwanza za jina la mwenye nyumba. Jua likiwa nyuzi 15, mchoro wa fundi hunyooshwa sakafuni karibu mara nne ya urefu wake, na duara huwa yai refu ajabu. Ubaya ni kwamba nondo ya milimita 12 hupoteza kiini chake cheusi baada ya mita 1 na robo hivi, na mwale wa asubuhi mapema husafiri karibu mita 4 kutoka kimo cha kiuno hadi sakafuni. Mchoro ni mkubwa lakini umefifia mno. Jua likifika nyuzi 45, karibu saa tatu na kidogo asubuhi, safari hiyo ni chini ya mita moja na nusu, na ua la fundi linaonekana vizuri zaidi, ila sasa ni fupi na limejibana chini ya dirisha. Kila mmoja atachagua saa yake kati ya hizo mbili, na ahamishe kochi mapema.